Aliyekatwa Kichwa cha Sauti

Sauti ya marehemu Mwandu ilichanika pale alipoanza kuupandisha wimbo. Milembe, binti yake, alidhani spika imeingia vumbi. Akaipangusa, akarudisha mwanzo. Mzee aliimba vizuri, akapanda, na alipofika juu, krrr, kama turubai linaloraruliwa. Katika mraruko huo kitu kikavuta pumzi. Chumba kikanuka ngozi mbichi ya ng'ombe.

Hasira zilimpanda kabla ya woga. Hiyo ndiyo ilikuwa rekodi pekee ya baba yake, ningi aliyeongoza ngoma Itilima nzima, na Jumamosi ilikuwa ipigwe kaburini kwake Mwamapalala, wajukuu wamsikie. Milembe alikuwa amempa Fredrick, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu hapo Bariadi, aihamishe kutoka kwenye kanda kuukuu kwenda kwenye flashi. Aihamishe tu. Mengine nani alimtuma?

"Nimeiongezea nguvu, dada," Fredrick alisema bila hata soni, Milembe alipomfuata kibandani. "Ilikuwa chini mno. Ngoma zetu ni mashindano. Upande wa pili wakifungulia spika zao, mzee anamezwa."

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Kanda ilikatika, na kwenye mashine nimesevu juu yake."

"Basi ishushe."

Akaishusha. Mraruko haukutoka, ulififia tu, maana sauti ikishakatwa kileleni hairudi kwa kupunguzwa. Na sasa, kwa kuwa kelele zimepungua, walisikia kilichomo. Mtu alikuwa akimwita Milembe kwa jina, taratibu, kutoka kooni mwa baba yake. Fredrick akazima mashine. Spika ikaendelea kuita.

Milembe aliipeleka flashi kwa Maximiliana, mganga ambaye ujanani alikuwa mwitikiaji wa Mwandu.

"Ng'wanone, mwanangu," bibi alinong'ona, "baba yako hakuimba hata siku moja mpaka mwisho wa sauti yake. Alibakiza. Huko juu kuna mwenyewe, tulimwachia nafasi yake naye akatuacha. Huyo kijana kampandisha baba yako mpaka mlangoni kwa jini, sauti ikakatwa kichwa, na jini limekaa palipokatwa."

"Litoe, mayu, mama yangu."

"Haliwezi kutoka nyumba yake ingalipo, na nyumba yake sasa ni huo wimbo. Futa wimbo."

Milembe alikataa. Alimkasirikia bibi, alimkasirikia hata baba yake kwa kufa na kuacha wimbo mmoja. Akarudi nyumbani jua bado kali, na kabla hajafika mlangoni harufu ya ngozi ilimpokea, na ndani akamkuta binti yake Winnie amechuchumaa mbele ya spika isiyo na umeme, akiimba wimbo wa babu yake ambao hakuna aliyemfundisha, akipanda, akipanda, macho yamemtoka, mpaka koo lake dogo likafika juu likararuka, krrr, na damu ikamtoka mdomoni.

Alimbeba mgongoni mpaka kibandani.

"Futa," alimwambia Fredrick. "Kwenye flashi, na kwenye mashine yako."

Fredrick akafuta kote kuwili. Winnie akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Milembe alilia kwa uchungu, kwa kuwa baba yake amekufa mara ya pili, na safari hii muuaji alikuwa amesimama mbele yake.

"Dada, nisame..." Fredrick alianza, na sauti yake ilipopanda ikachanika, krrr. Akashika koo. Harufu ya ngozi mbichi ikajaa kibandani. Kwa macho alimsihi amwambie pa kukimbilia.

Milembe aliijua vizuri nyumba ya mganga Maximiliana. Akamfunga mwanawe kanga mgongoni, akaondoka bila kumwelekeza.