Wimbo Uliokatwa Kabla ya Amina

Jumapili ile Pudentienne aliombea chakula, lakini hakusema Amina.

Phiona, binti wa marehemu kaka yake, alibaki amefumba macho juu ya sahani ya wali na isombe ya majani ya muhogo, akingoja neno lile la kufungia ambalo halikuwahi kukosekana katika nyumba hiyo ya mtaa wa Niboye tangu alipoletwa kulelewa humo. Halikuja. Alipofumbua macho, shangazi yake alikuwa ameshaanza kula, akitafuna taratibu na kuutazama mlango.

"Shangazi, hujamaliza sala."

"Nimemaliza."

"Hukusema Amina."

"Basi sema wewe," Pudentienne akajibu. Kisha akarudia, kwa sauti ileile na kwa pumzi ileile: "Basi sema wewe. Basi sema. Basi se."

Phiona akacheka, maana shangazi yake alikuwa mtu wa mizaha. Lakini kijiko cha shangazi kilikuwa kimesimama hewani, na kicheko kikamkauka Phiona mdomoni, kwa sababu katikati ya harufu ya isombe aliisikia harufu nyingine, chachu na nzito: pombe ya mtama iliyolala chunguni. Pombe haikuwa imevuka kizingiti hicho kwa miaka mingi, na sababu yake kila aliyeabudu pamoja nao aliijua.

Pudentienne alikulia Kigoma, katika familia ya wakimbizi, na huko, akiwa msichana, jini lilimwingia. Lilimlazimisha kunywa pombe ya mtama hadi azimie. Lilisema kwa kinywa chake. Lilimtupa penye moto kama yule mtoto wa Injili ambaye baba yake alimwomba Bwana huku akilia. Alirudi Rwanda akiwa nalo, na wachumba wakamkimbia kwa ajili yake. Ndipo Mwinjilisti Eustadia, mwanamke wa Kigoma aliyehamia mtaa wa Gatsata, alipokuja na kikundi chake cha maombi, akasimama sebuleni humo mchana kutwa. Jini lilibishana, likatukana, likabembeleza, na mwisho likauliza kwa unyonge: "Niende wapi?" Eustadia akalijibu: "Popote, ila hapa. Hapa pana Mwenyewe." Likatoka, na watu wote wakasema Amina.

Mtu mmoja aliyarekodi yote hayo kwa simu. Kikundi kiliihifadhi rekodi kama ushuhuda, na kikaiwekea sharti moja: anayeifungua asiifunge kabla ya Amina. Simu ikiita, iachwe iite. Umeme ukikatika, waliopo wayamalize maneno kwa vinywa vyao. "Vita visivyofikishwa mwisho," Eustadia alizoea kusema, "humrudishia adui uwanja."

Phiona alilijua sharti hilo tangu utotoni. Alilivunja kwa mapenzi, wala si kwa ubaya, na wengi wetu tumeangukia hapohapo.

Alikuwa mpokeaji wageni katika kliniki ya meno. Siku moja, akitafuta mtandaoni wimbo wa harusi, aliangukia kazi ya mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, aliyechukua kwaya ya zamani na kuilaza juu ya mdundo wa mashine. Nyimbo mbili ambazo hazikuwahi kukutana zikapumua pamoja kama pacha tumboni. Phiona aliisikiliza hadi machozi yakamtoka. Tangu hapo akawa mwanafunzi wa walimu wasio na nyuso. Alijifunza kuufumua wimbo hadi nyuzi zake, kutenga sauti na ala kwa programu za mtandaoni, kukata, kurudufu na kushona upya, na rimiksi zake zikaanza kupata wasikilizaji. Wala mtu asiseme kwamba hilo lilikuwa dhambi. Aliyeagiza asifiwe kwa matoazi yavumayo hakusema matoazi hayo yafuliwe kwa shaba tu. Kosa lilikuwa hili: Phiona alitamani sauti ambayo hakuna mwingine duniani angekuwa nayo, na alijua ilipo.

Aliifungua rekodi ya shangazi yake. Sauti ya Eustadia ilimzuilia mdundo, akaitenga na kuitupa. Akabakiza lile swali tu, Niende wapi, Niende wapi, likizunguka juu ya besi; na pale lilipokuwa jibu akaacha mapigo manne ya kimya, ili ngoma zikirudi ziwaangukie wasikilizaji kama mvua ya masika juu ya mabati. Akaupakia. Watu wakaupakua, wakautuma, wakauchanganya na nyimbo zao wenyewe.

"Hii wimbo yako iko hatari," Shyaka, rafiki yake anayepiga muziki katika harusi, alimwambia kwa simu. "Mimi naipiga, watu wote wananyamaza kwa ile nafasi, halafu ngoma inaingia, wanaruka. Huyo mama mwenye anaimba ni nani?"

"Haimbi," Phiona alisema.

"Kama haimbi, iko anafanya nini?"

Phiona akabadilisha mazungumzo. Simu hiyo ilikuja Jumamosi. Siku ya pili yake, shangazi hakusema Amina.

Katika siku zilizofuata Pudentienne aliwasalimu majirani kwa maneno yaliyokatika kabla ya mwisho, akauacha mlango wazi kila alipoingia, akaimba tenzi zake hadi ubeti wa mwisho na kunyamaza pale. Phiona alijiambia ni uzee. Alijua anajidanganya, maana mtu akisema uongo moyoni mwake, yeye ndiye wa kwanza kuusikia.

Kisha ukaja mchana wa mvua aliporudi kazini mapema, akatua mwavuli barazani, na kabla hajaugusa mlango akaisikia besi ikitembea sakafuni ndani, taratibu, kama mtu mzito anayepima vyumba kwa miguu mitupu, naye akafikiri kwamba ameisahau kompyuta ikicheza, lakini kompyuta ilikuwa mkobani mgongoni mwake, imezimwa, na harufu ya pombe ya mtama ilikuwa imejaa hadi kwenye mapazia, na jikoni, juu ya kigoda, mbele ya ungo wa maharage, shangazi yake alikuwa ameketi wima, kinywa wazi, midomo isisogee, na kutoka katika kinywa hicho kisichosogea sauti ilikuwa ikiuliza niende wapi, niende wapi, kwa kasi ileile ambayo Phiona aliichagua kwa mkono wake, kisha ikanyamaza kwa mapigo manne, na katika kimya hicho shangazi akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu aliyebisha hodi na anasikiliza kama ndani kuna mtu, na pigo la nne lilipopita bila jibu, kisigino chake kikashuka sakafuni, na vikombe vyote kabatini vikalia.

"Shangazi," Phiona alinong'ona.

Macho ya Pudentienne yakamgeukia. Yalikuwa macho yake, yenye machozi, na hilo ndilo lililotisha kuliko yote: alikuwamo ndani, anaona.

"Mwanangu mzuri," sauti ikasema. "Nilifungiwa nje ya mlango mmoja. Wewe umenifungulia elfu."

Phiona alirudi nyuma hadi barazani, akampigia simu Eustadia kumwambia kwamba ameikata ile rekodi, akasimama mvuani kumngoja, kwa kuwa aliona haya kukimbia na aliogopa kuingia.

Eustadia alifika akiwa na kanga ya kichwani iliyolowa na bila mwavuli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekata wapi?"

Phiona akamweleza yote. Mwinjilisti alimsikiliza hadi mwisho bila kupandisha sauti.

"Nyumba ilifagiwa, ikapambwa," alisema, "na wewe ukaenda kulibandua jina la mwenye nyumba mlangoni. Ulitazamia aingie nani?" Kisha akamfuta Phiona mvua usoni kwa ncha ya kanga, kama anavyofutwa mtoto. "Haya. Usilie sasa, kuna kazi. Lete hiyo kompyuta niivunje."

"Hapana, Mama."

"Unamwambia nani hapana?"

"Nakwambia wewe, kwa heshima zote. Kompyuta haikukata, nilikata mimi. Ukiivunja, wimbo utabaki katika simu za watu, na humu ndani tutabaki na plastiki na jini."

Eustadia akatangulia mlangoni. "Kiburi," alisema. Kisha, wakiwa wanaingia, akaongeza kwa chini: "Au ujasiri. Tutajua kabla ya giza."

Aliomba kama alivyoomba zamani, amesimama, mikono imeinuliwa, akiliita kila jina ambalo mbele yake magoti hupigwa. Kigodani, kinywa cha Pudentienne kikatabasamu.

"Wewe nilishakusikia," sauti ikasema. "Safari hii sikuja kwa mlango wako. Nimeitwa, nikakaribishwa kwa ngoma." Ikamgeukia Phiona, ikawa laini. "Tupatane. Wewe uache wimbo kama ulivyo, nami nimwache mama huyu leo hii, mzima, na Amina yake. Nina nyumba nyingi sasa. Nikikaa katika watu usiowajua, inakuuma nini?"

Eustadia alishusha mikono. Ilikuwa zamu ya msichana, naye alilitambua hilo kwa uchungu.

Phiona aliyatazama macho ya shangazi yake. Mwanamke huyo alikuwa amemlisha, amemfundisha kusoma kwa kitabu cha tenzi, amekaa naye kando ya kitanda katika kila malaria. Angeweza kumpata sasa hivi, kwa neno moja la kukubali. Na macho yale yaliyojaa machozi yalikuwa yakitikisika taratibu, kushoto na kulia. Hapana.

"Hao nisiowajua nao wana shangazi zao," Phiona alisema. "Sikubali."

"Basi utaacha muziki. Wimbo ni mimi. Ukinitoa, nani atakusikiliza?"

"Muziki ulikuwako kabla yako. Nyota za asubuhi ziliimba pamoja, na wewe hukualikwa." Aliifungua kompyuta, akaiunganisha na spika, akaubonyeza wimbo.

"Binti, unafanya nini?" Eustadia alishtuka.

"Namalizia nilipokata. Ile nafasi ikija, jibu."

Besi ikaingia. Vikombe vikalia. Niende wapi, spika ikauliza, na kinywa cha Pudentienne kikauliza nayo, sauti mbili zikiwa moja. Kikaja kimya. Phiona akasema, "Hapa pana Mwenyewe," lakini alichelewa, ngoma zikamfunika, na jini likacheka kicheko kirefu chenye pumzi ya chachu.

Ukarudi mzunguko. Niende wapi? Safari hii Eustadia alijiunga, yule yule mwanamke ambaye sauti yake ilitupwa, akaingia katika mapigo manne kama mtu anayerudi nyumbani kwake: "Hapa pana Mwenyewe." Kicheko kikakatika. Mlango wa nyuma ukajipiga ukutani, harufu ikawa kali kiasi cha kuwachoma macho, na Pudentienne akaanguka kutoka kigodani, maharage yakamwagika, shingo yake ikajipinda kuelekea jiko la mkaa. Phiona akamlalia kifuani, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Shangazi, hiyo sauti ni yako. Imekopwa bila ruhusa, kwanza na yeye, halafu na mimi. Nisamehe. Ichukue."

Mzunguko wa tatu. Niende wapi, spika iliuliza, lakini sasa iliuliza peke yake. Midomo ya Pudentienne ilisogea, ikashindwa, ikasogea tena.

"Hapa," alisema, kwa sauti ya mwanamke mzee aliyechoka na kukasirika, "pana Mwenyewe."

Hakuna ngoma iliyofuata. Spika ilinyamaza, ingawa kompyuta ilionyesha wimbo bado unakwenda. Kitu kizito kilipita barazani, kikauangusha mwavuli, kikaingia mvuani.

"Amina," Pudentienne alisema. Kisha akayatazama maharage sakafuni. "Na nani atayaokota haya?"

Eustadia aliketi chini hapohapo, akaanza kuyaokota huku akilia. Baada ya muda akasema, bila kumtazama Phiona, "Sauti yangu uliikata kwa sababu gani hasa?"

"Ilikuwa inatoka nje ya mdundo, Mama."

"Ah. Hata kanisani watu huniambia hivyo."

Phiona aliufuta wimbo, lakini ulikuwa umeshasambaa. Akatengeneza mwingine, wenye swali lilelile, na katika kimya akamrudisha Eustadia, nje ya mdundo kama alivyo, na Amina ya watu wote. Akautuma uufuate ule wa kwanza.

Haukuupata kila mahali. Siku moja, katika soko la Nyabugogo, akipita katikati ya wachukuzi na magunia ya vitunguu, aliusikia wa kwanza kutoka spika ya kibanda cha simu. Niende wapi? Akasimama. Kikaja kimya, na watu wakapunguza mwendo bila kujua kwa nini, vichwa vimeinama upande. Phiona alijaza kifua, akapaza sauti katikati ya soko lote: "Hapa pana Mwenyewe."

Mchukuzi mmoja mwenye gunia kichwani akamcheka. "Dada, iko unajua maneno?"

"Ndiyo maneno yake. Yamesahaulika tu. Ikirudi, jibu."

Ikarudi. Mchukuzi akajibu, na muuza vitunguu, na makondakta wawili waliodhani ni mchezo. Wakiwa wanacheka, walijibu kwa pigo lake hasa. Shyaka anasema siku hizi harusini hakuna anayenyamaza tena katika nafasi ile. Ukumbi mzima hujibu, hata wasioomba kamwe, na yeye hasemi kwamba anaelewa.

Jini halijafa, maana la namna hiyo halifi. Mara kwa mara, mahali fulani duniani, mtu hulifungulia wimbo ule wa kwanza, na jioni hiyo harufu ya pombe ya mtama huja Niboye, ikasimama kizingitini, ikanyamaza kwa mapigo manne. Pudentienne hainui hata uso kutoka kwenye ungo.

"Hapa pana Mwenyewe," husema, akitupa jiwe aliloliona katikati ya maharage. "Amina."