Pumzi Ndani ya Plastiki

Madame Viviane ndiye aliyeisikia kwanza, naye alikuwa Kinshasa.

"Claudine," alisema kwa Kifaransa kwenye kompyuta, katikati ya somo la wadudu wanaokula mbao, "mwambie huyo uliye naye asogee mbali kidogo. Anahema sana, hatusikilizani."

Claudine aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na ngoma, vigoda, vikapu na mikuki, na jua la alasiri likipenya kwenye dirisha lenye vyuma. Hapakuwa na mtu.

"Niko peke yangu, Madame."

Madame Viviane alicheka kwa adabu, akamzimia kipaza sauti, somo likaendelea. Claudine aliandika alichoambiwa, lakini kila mara aligeuka kutazama nyuma.

Nyumba ile ya makumbusho ilikuwa ya matofali, imejengwa na mapadri wa zamani juu ya kilima kinachotazama ziwa. Vitu vya wazee vya Kalemie na milima ya Marungu viliwekwa humo tangu enzi hizo, na Claudine alivitunza kwa fagio na kitambaa, bila kufundishwa na mtu. Kisha Papa Anatole, mkubwa wake, alimwita bironi, ofisini kwake, akamweleza ukweli. Vitu vile vilikuwa vinaoza. Wakubwa wa mbali walitaka kuvihamishia mji mkuu, isipokuwa Kalemie ipate mtu mwenye cheti cha kuvitunza. Ndiyo maana akamwandikisha kwenye kozi ya mtandaoni, miezi mitatu, mara mbili kwa wiki. Claudine alizaliwa kilima hichohicho. Hakutaka hata kigoda kimoja kishuke bandarini kisirudi.

Sehemu ya mtihani ilikuwa kazi ya mikono. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja kinacholiwa na wadudu, akitie kwenye mfuko wa plastiki nzito pamoja na vipakiti vinavyokula hewa, aufunge kabisa, asiuguse kwa wiki tatu. Bila hewa, wadudu hufa wote na mti hausumbuki. Claudine alichagua sanamu ya mwanamke iliyotoka huko juu, upande wa Pepa, mikono imeshika tumbo, kiunoni kukimwagika unga mweupe kila ukiisogeza. Aliunganisha midomo ya plastiki kwa pasi ya moto, akapitisha kidole pembeni kote kutafuta tundu. Hakuna lililobaki. Aliridhika sana siku ile.

Siku tatu baadaye ndipo Madame Viviane alipouliza habari za mtu anayehema.

Mwanzoni vipakiti viliivuta plastiki ikaganda usoni mwa sanamu, kama kozi ilivyosema. Lakini wiki ya tatu Claudine alipokuwa anafuta vumbi alisikia mchakacho mdogo, kama mtu anayekunja karatasi polepole. Plastiki ilikuwa imevimba. Akiwa bado anaitazama ikanywea tena, ikashika macho, pua na mdomo wa yule mwanamke wa mti, ikatulia, kisha ikavimba upya. Chumba kizima kilinuka udongo uliolowa na mafuta ya mbarika yaliyokaa siku nyingi. Alikwenda mlangoni kumwita Papa Anatole. Mlango ukakataa. Alisukuma kwa bega, akasukuma tena, na ulipofunguka alijikuta nje akipumua kama mtu aliyetoka kuogelea.

"Ni mvua," alisema Papa Anatole alipoambiwa. "Mbao zimevimba. Hiyo milango iko ya zamani."

Claudine alitaka sana iwe hivyo.

Ephraïm, mume wake, alikuwa Kigoma na mizigo yake ya mafuta na vitenge, kwa hiyo nyumbani Claudine alibaki na mama yake mzazi, Mama Virginie, mwanamke wa Moba aliyezoea kuzungumza kutwa nzima. Jumamosi ile mchana walikuwa wanapika. Mama Virginie aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, makaa yakashika vizuri, akabandika maji ya kusongea ugali wa bukari. Hayakuchemka. Alipoinua sufuria, makaa yalikuwa yamezimika, meusi, ya baridi. Akawasha mara ya pili. Kiberiti kilitoa moto, moto ukasimama kidogo, ukajikunja, ukafa mikononi mwake.

"Claudine, mulango uko wazi?"

"Uko wazi, Mama."

"Sasa mbona hakuna hewa humu?"

Mlango ulikuwa wazi kweli. Nje majani ya mpapai yalikuwa yanacheza na upepo wa ziwa, lakini upepo ule ulikuwa unafika kizingitini na kuishia hapo. Mama Virginie alishika ukuta. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na Claudine akamkumbatia kwapani akamburuta mpaka uani, ambako alikohoa sana kabla ya kuweza kusema.

"Ulifanya nini kule kwa kazi yako?" ndilo neno lake la kwanza.

Claudine akamwambia yote. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida.

"Ule ni mukisi, sanamu yenye roho ya muntu ndani," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Umefunga mukisi ndani ya plastiki. Twende kwa Mama Séraphine."

Mama Séraphine aliishi Kataki, ng'ambo ya mto Lukuga. Watu walimwendea kwa mambo ambayo hospitali iliyakataa. Alikuwa mwanamke mfupi, anavaa miwani, anasema polepole. Alimshika Claudine mkono, akauweka kifuani pake mwenyewe, akafunga macho.

"Huyu si pepo mubaya," alisema. "Alikuwa muntu. Alikufa na mutoto tumboni, ndani ya nyumba, mulango umefungwa, watu wako shambani. Wazee walimuchongea mwili wa mti, wakamuweka penye hewa, mbele ya nyumba isiyo na ubao wa mulango. Hapo akatulia. Hata mapadri hawakumufunga. Weye njo umemufunga."

"Nilifuata kozi, Mama."

"Najua, mwanangu. Lakini pumzi yake haina pa kwenda, sasa inakunywa yenu. Kapasue ile plastiki leo."

Claudine aliangalia chini. Mtihani ulikuwa Jumatatu, siku wiki tatu zinapotimia. Kamera ingepita kwenye ule mfuko, na kama umepasuliwa kabla ya wiki tatu, cheti hakuna, na vitu vyote vitapakiwa kwenye makasha.

"Jumatatu," alisema. "Nikimaliza tu, ninaufungua, mbele yenu."

"Kumbe hata yeye anangoja Jumatatu," alisema Mama Séraphine, akachukua kitenge chake. "Tutakuja na mama yako. Tutakaa nje ya mulango."

Jumatatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana Claudine aliingia chumbani, akaacha mlango wazi, akauegemezea kigoda kizito. Wanawake wale wawili walikuwa bado njiani. Aliwasha kompyuta. Nyuso zilijitokeza moja moja kwenye vidirisha vyao vidogo, za Kinshasa, za Lubumbashi, za Bukavu, na uso wake mwenyewe pembeni.

"Unatusikia, Claudine?" aliuliza Madame Viviane.

Claudine alifungua mdomo kujibu. Kigoda kikasogea sakafuni nyuma yake, polepole, bila pupa, na mlango ukajifunga.

"Ninakusikia vizuri, Madame," ilijibu sauti yake.

Hakuwa yeye aliyesema. Midomo yake ilikuwa imefunguka tu. Kwenye skrini, kwenye kidirisha chenye jina lake, Claudine alikuwa ameketi wima, mikono imeshika tumbo, akitabasamu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameshasimama, ameangusha kiti, amefika mlangoni na anavuta kitasa ambacho hakikugeuka hata kidogo. Aligonga. Aliita Papa Anatole, akaita mama yake, na nyuma yake akasikia sauti yake ileile ikieleza kwa Kifaransa safi namna ya kubeba mti mzee, kwa mikono miwili, bila kuushika shingo, na Madame Viviane akisema vizuri, vizuri sana, endelea.

Alikimbilia dirisha, lakini vyuma vilikuwa vyuma na kioo kilikuwa kimeshikwa na rangi ya miaka mingi, na alipokipiga kwa ngumi kilitoa mlio mzito wa kitu kilicho chini ya maji, na kwa nje aliona mvua ikinyesha na bustani na barabara ya kushukia mjini na watu wawili chini ya mwavuli mmoja, mama yake na Mama Séraphine, wanakuja polepole kwa sababu ya tope, na akawaita mpaka koo likamuuma na hakuna aliyeinua uso, kwa kuwa sauti haikuwa na hewa ya kuibeba, ilikuwa inatoka mdomoni na kuangukia miguuni pake. Kifua kilianza kubana. Kila pumzi ilikuja fupi kuliko iliyotangulia, yenye ladha ya udongo na mbarika, na mezani ule mfuko ulikuwa unavimba kila yeye aliponyongeka na kunywea kila alipojaribu kuvuta, hivi kwamba akaelewa, akiwa ameshaanguka sakafuni, kwamba hewa iliyobaki chumbani ni moja na wanaoivuta ni wawili.

Alitambaa. Kisu kidogo cha kukatia kadibodi kilikuwa juu ya meza, akakipapasa, kikamponyoka, kikaingia chini ya kabati. Akauvuta mfuko ukaanguka juu yake, mzito kuliko mti wowote, akatia pembe ya plastiki mdomoni akaing'ata kwa meno yote, huku kwenye kompyuta Madame Viviane akisema, "Swali la mwisho, Claudine. Una la kutuuliza sisi huku?"

"Ninalo," ilisema ile sauti. "Mlango wenu uko wapi?"

Plastiki ikachanika.

Kilichotoka kilikuwa pumzi ndefu, ya moto, isiyokwisha, ya mtu aliyeishikilia tangu zamani sana. Ilimpita Claudine usoni, ikarusha karatasi, ikagonga kompyuta, skrini ikazimika. Mlango ukafunguka wenyewe. Mama Virginie aliingia akamkuta bintiye sakafuni, damu kwenye fizi, amekumbatia sanamu kama mtoto.

Mama Séraphine aliibeba sanamu mpaka barazani. Aliipaka udongo mweupe kwenye paji la uso, akainyunyizia maji ya ziwa, akaanza kuisemesha kwa Kitabwa kwa upole, kama mtu anayemwomba msamaha mkwe wake. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Akauweka mkono juu ya tumbo la mti, akaugonga kwa kidole.

"Humu hakuna muntu," alisema.

"Ameenda kwao?" aliuliza Mama Virginie.

Mama Séraphine aliuondoa mkono. "Ametoka. Kwa upande gani, sijue."

Nyumbani jioni hiyo makaa yalishika. Mama Virginie alilala, akakoroma, na hakuna kilichomsumbua tena. Ephraïm alirudi, wakala samaki pamoja. Cheti kilikuja baada ya wiki mbili, chenye alama za juu kuliko wanafunzi wote, na Papa Anatole akakitundika bironi. Vitu vya wazee vingebaki Kalemie. Claudine alikitazama kile cheti kwa haya, lakini alinyamaza, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu alikuwa amepata alichokitaka.

Ilikuwa asubuhi, anapanga vikapu, mlango wazi, na madirisha nayo wazi tangu alipoyakwangua rangi, Madame Viviane alipompigia.

"Claudine, mwanangu," alisema. "Umeshapumua?"

Claudine aliweka kikapu chini. Miezi mitatu yote Madame Viviane hakuwahi kusema Kiswahili ila asante, naye hulitamka vibaya. Hiki kilikuwa Kiswahili cha milimani, cha wanawake wa zamani, kinachovutwa mwishoni.

"Nani anasema?"

"Huku nako wamefunga," ilisema sauti, bila hasira. "Mashine inatoa baridi, madirisha hayafunguki. Nilidhani ni pakubwa."

Na nyuma ya sauti ile, mbali, Claudine alisikia ngumi kwenye ubao. Mwanamke alikuwa anaita kwa Kifaransa, anaomba afunguliwe, maneno yakizidi kuwa mafupi. Claudine aliijua ile namna ya kugonga. Ilikuwa ya mtu ambaye sauti yake inamwangukia miguuni.

Hakukata. Alikimbia na simu sikioni mpaka bironi, akanyakua simu ya Papa Anatole mezani bila kuomba, akampigia Rubens, kijana waliyesoma naye kozi ambaye namba yake aliijua kwa kichwa, anayefanya kazi makumbusho moja na Madame Viviane.

"Rubens, Madame Viviane yuko wapi?"

"Niko naye," alinong'ona Rubens. "Anafundisha kundi jipya kwenye mtandao. Amekaa mbele yangu kabisa. Kuna nini?"

"Amekaaje?"

"Amekaa tu. Ameshika tumbo. Leo anafurahi sana."

Kwenye sikio la pili ngumi zilikuwa zimepungua nguvu.

"Rubens, nisikilize. Hapo kuna chumba cha kuhifadhia vitu, chenye mashine ya baridi, kimefungwa. Usimuulize ufunguo. Usimuangalie. Nenda ukavunje ule mlango sasa hivi."

Rubens alianza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeko darasani. Kisha kikakatika.

"Claudine," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Kuna mtu anagonga."