Ridhaa ya Mama Tusekile

Esnath alikuwa anamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, Hellen wa nyumba ya pili alipoingia amembeba Tusekile mgongoni.

"Mama Tusekile, mwanao nimemkuta amelala juu ya kaburi la babu yake. Haamki."

Mtoto alikuwa wa baridi, ananuka ugoro. Akanong'ona bila kufumbua macho, "Babu anasema umekubali."

Esnath akajua. Jana, zahanatini, Vicent wa utafiti wa dawa ya malaria alimpa tableti asikilize maelezo kwa Kinyakyusa, kisha aweke kidole kuridhia mtoto ashiriki. Ikatoka sauti ya baba mkwe wake, Mzee Ambindwile, aliyezikwa mwaka juzi. Kwao, mke wa mwana hakai mbele ya baba mkwe akamsikiliza. Akajifunika kanga usoni, akabonyeza haraka ili atoke. Alipoulizwa kama ameelewa, akasema ndiyo. Hakuwa ameelewa hata neno.

Akamfuata Vicent, akamleta nyumbani na tableti yake.

"Futa!"

"Mama, sauti ni ya dada mmoja wa Mbeya, nilimrekodi mwenyewe. Kujitoa ni haki yako, ila mashine hairuhusu mpaka usikilize yote."

"Kukubali kidole tu, kukataa mpaka mahubiri?"

"Sikuitengeneza mimi, mama."

Hellen akamnong'oneza Esnath. "Huyo si mkwe wako. Ni jini limevaa sauti yake. Linajua hutathubutu kulitazama."

Esnath akashusha kanga kutoka kichwani, akafungulia maelezo, akakaa uso kwa uso na kioo. Harufu ya ugoro ikajaa chumbani, na sauti ikamwomba taratibu aiachie mtoto, ikamwita mkwe mwema, ikamwuliza tangu lini mwanamke wa ukoo huu anamkodolea macho baba mkwe, ikapanda, ikanguruma ndani ya masufuria na chini ya kitanda alicholalia Tusekile, mpaka Vicent naye akarudi nyuma hadi ukutani.

"Umemaliza?" Esnath akasema. "Najitoa. Mwanangu haendi popote."

Akabonyeza. Kioo kikazimika. Tusekile akapiga chafya, akauliza kama ndizi zimeiva.

"Zitaivaje, na nyie hamniachi nipike?"

Giza lilipoingia akapakua, akaita wanawe mmoja mmoja.

"Amoni?"

"Naam."

"Bupe?"

"Abee, mama."

"Tusekile?"

"Nipo."

Wote walikuwapo. Nyuma ya mlango, penye harufu ya ugoro, sauti ya mwanamume mzima ikajibu, "Na mimi nipo."

Esnath hakugeuka. "Kuleni, chakula kinapoa. Huyo sikumwita."