Makombe ya Hope

Soko la Tengeru lilikuwa limefurika, lakini Ndeshi, kwenye meza yake ya mboga, alimwona tangu mbali: shati jeupe lililopigwa pasi na mwanamume mwenyewe, mkunjo mmoja huku, mwingine kule.

"Dada, nichagulie mchicha laini. Walaji wangu hawana meno."

"Mapacha?"

"Samaki."

Ndeshi alicheka mpaka kanga ikamvuka. Basi mwanamume yule, Elihuruma, akawa mteja, mteja akawa mpigaji simu wa kila jioni, na hatimaye akampeleka kwake Njiro akaone hao walaji wa mchicha.

Tangi la kioo lilijaa nusu ya ukuta. Lilikuwa la Hope, marehemu mkewe, na kando yake kilikuwepo kiti chake cha kusuka. Samaki wote, buluu na manjano, walikuwa wamejipanga wakikitazama kile kiti.

"Wamezoea kulishwa na mwenyewe," Ndeshi alisema kwa upole.

"Hawakumjua. Nimewanunua yeye ameshazikwa."

Ndeshi alisisimka mwili. Kwao, mwanamke haanzi kumimina chai kwenye nyumba ya marehemu kabla vitu vya huyo marehemu havijafungashwa. Akayatoa makombe ya baharini ambayo Hope aliyatandaza chini ya maji, akayafunga kwenye kitenge, akayaweka stoo. Elihuruma aliona, asimzuie.

Haukupita muda maji yakaanza kuchacha. Yalikuwa angavu kama kioo, lakini dawa ya kupimia uchachu, iliyozoea kugeuka buluu, ikawa inageuka manjano. Elihuruma akatia magadi. Jioni buluu; asubuhi manjano tena. Samaki wakapauka, wakaelea mmoja mmoja, vichwa vimeelekea kitini.

"Ni Hope," Elihuruma alinong'ona kwenye simu. "Tangu ufungashe vitu vyake. Usije tena, Ndeshi."

"Unaniacha kwa ajili ya samaki?"

Simu ikakatika.

Ndeshi alilia siku hiyo nzima akikata ndimu za wateja. Kombe moja dogo lilikuwa limesahaulika mfukoni mwa aproni. Alipolitoa kulitazama, tone la ndimu likalidondokea. Likatoa povu, pole pole, likinong'ona. Magadi nayo hutoa povu kwenye maziwa ya mgando, ila hufoka mara moja yakaisha.

Akampigia Elihuruma.

"Baba, usikate! Unatumia maji gani?"

"Ya mvua."

"Hayo hayana chokaa hata chembe. Samaki wakihema na kuchafua, yanachacha. Makombe ndiyo yalikuwa yanayeyuka taratibu, yanaula ule uchachu. Mimi nikayatoa, na wewe ukawavuruga kwa magadi yako, jioni hivi, asubuhi vile."



"Nilikuona ukiyatoa," Elihuruma alisema.

"Mbona hukunizuia?"

"Niliona raha kuona mtu anapanga nyumba yangu. Njoo, mpenzi."

Makombe yakarudi majini. Taratibu dawa ikageuka buluu, na kulipokucha ikabaki buluu. Samaki waliosalia wakapata rangi zao.

"Keti," Elihuruma alimwambia, akimvutia kiti cha kusuka. "Nije kwenu na pombe ya mbege, nikupose?"

Ndeshi akaketi. Samaki wakageuka wote kwa pamoja. Hawakumtazama yeye, walitazama juu kidogo ya bega lake la kushoto. Kiti kikatoa mlio upande ambao hakuuegemea.

Akasogea, akaacha nafasi.

"Njoo na mbege," alisema. "Ila uninunulie kiti changu. Hiki kina mtu."