Kisanduku Kilichong'arishwa

Swalha alikuwa anamkimbiza mchukuzi. Dera lake la zambarau kalikunja mkononi, raba nyeupe miguuni, mtandio umeshamponyoka shingoni, na robota lake la nguo linatokomea katikati ya umati wa barabara ya Guangyuan Xilu, mjini Guangzhou, China. Mchukuzi akakata kona, naye akakata kona, puu! Akamvaa kijana mrefu mwenye shati la kitani, ananukia udi saa nne asubuhi kama anakwenda harusini. Mkoba wa kijana ukaanguka. Kikachomoka kisanduku kidogo cha shaba, cheusi tii, kikateleza mpaka chini ya toroli.

"Mwanangu!" kijana akapiga ukelele, akapiga magoti chini.

Swalha akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka, mwanao huyo ana kutu."

"Si kutu, bibie. Huo ni uzee. Mwanangu huyu ana miaka zaidi ya mia."

"Basi mwogeshe!"

"Thubutu! Ukimwogesha umemuua."

Jina lake Gharib, Mzanzibari kama yeye, alikuja kununua vipuri vya pikipiki. Mchana ule, robota likishapatikana, walikula tambi katika mgahawa wa halali nyuma ya soko, naye akamfungulia kisanduku. Visanduku kama hivyo, alisema, walipelekewa askari wa Mwingereza Krismasi ya kwanza ya vita kuu ile ya kwanza, ndani mna sigara na kadi ya salamu. Yeye alivikusanya. Alikuwa navyo kadhaa nyumbani, na hapa Guangzhou alivisaka kwa wauza vitu vya kale, akitembea na hiki ili alinganishe, maana vya bandia ni vingi.

"Muislamu mzima na zawadi za Krismasi!" Swalha alimtania.

"Babu yake babu yangu alikuwa mpishi wa askari hao. Mmoja alimpa hiki. Tazama." Ndani ya kifuniko palikuwa na jina limekwaruzwa kwa ncha ya kisu, kwa herufi za Kiarabu: Maulid. "Huyu mzee hana picha wala kaburi linalojulikana. Amebaki mkwaruzo huu tu."

Swalha akaligusa jina lile kwa kidole, na hapo hapo akampenda mtu aliyeweza kupenda mkwaruzo.

Mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana. "Habibti, umekula?" "Nile vipi na wewe hupo?" "Laiti ningekuwa hizo tambi!" Hannah, Mkenya aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Swalha, alikuwa akijifunika mto kichwani. "Aki nyinyi wawili mtaniua na sukari," alisema, lakini yeye ndiye aliyempigia Swalha pasi nguo siku Gharib aliposema wazee wake watakwenda kuposa kwa mama yake, Unguja.

Gharib akapata safari ya biashara ya mji wa Yiwu. Akamwachia Swalha kisanduku. "Nitunzie mzee wangu."

Swalha akapata wazo, na lilitoka kwenye moyo mzuri. Alikuwa pia mnunuzi wa mikoba kule Shiling, kwenye viwanda, na desturi ya kule kila mnunuzi anaijua: ukitaka kitu, peleka sampuli, utatolewa pacha wake. Akasema moyoni, nitamfanyia mpenzi wangu pacha wa kisanduku, kimoja kikae kwake, kimoja kwangu, mpaka tutakapovikutanisha ndani ya nyumba yetu. Akampelekea laoban mmoja, mwenye kiwanda cha kutengeneza vifungo vya mikoba.

Alichosahau ni kwamba sampuli ya kiwandani haina heshima. Kwanza huchovywa dawa, husuguliwa kwa mashine, ndipo lichukuliwe umbo lake. Aliporudi, laoban alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Visanduku viwili mezani, vyote vinawaka kama bangili za bi harusi.

"Cha zamani kipi?" Swalha aliuliza.

Laoban akavitazama, akacheka, akainua mabega. Swalha akavifungua. Ndani ya vyote viwili mlikuwa laini kama kioo. Hamkuwa na Maulid.

Simu ikalia. "Habibti, mzee wangu hajambo?"

Hapo ndipo pangetosha kilio kimoja. Angelia tu, yule kijana angejua. Lakini aliona aibu.

"Hajambo," akasema.

Akavitia vyote viwili chini ya sanduku lake la nguo. Gharib aliporudi na kukiulizia, Swalha aliinamisha macho. "Nilikiacha juu ya meza nikaenda dukani. Niliporudi sikukiona."

"Nani alikuwemo chumbani?"

Angeweza kusema hajui. "Hannah tu," akajibu.

Hakusema mwizi, na kwa muda alijifariji kwa hilo. Gharib ndiye aliyelisema, mbele ya watu, macho yamemwiva. Hannah alimgeukia Swalha. "Mwambie! Si unanijua?" Swalha akajifanya anatafuta kitu mkobani. Hannah akafungasha nguo zake akahama.

Neno likaenea kwa wafanyabiashara. Watu wa nyumbani huchangia kontena, kila mmoja na marobota yake, na mwenye jina baya hapewi nafasi. Adhuhuri moja Swalha alimkuta Hannah kwenye ghala la mizigo amesimama kando ya marobota yake, na mfungashaji, Macharia, anamwambia, "Si mimi, sista. Wenzako wanasema hawachanganyi mzigo na wewe." Hannah hakulia. Alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akainama kuanza kuyaburuta mwenyewe.

Swalha akatoka nje akampigia Gharib. "Njoo ghalani. Sasa hivi."

Alipofika, Swalha alisimama katikati ya watu, akavitoa visanduku viwili vinavyong'aa. "Hannah hakuiba. Mimi nilikipeleka kiwandani, jina likafutwa, nikaona haya, nikamsingizia."

Gharib alikifungua kimoja, akapitisha kidole ndani ya kifuniko, akakifungua cha pili.

"Ungeniambia," akasema polepole, "ningelia siku moja. Kisha tungecheka. Lakini umeuchukua mdomo wangu, Swalha, ukamwitia mtoto wa watu mwizi." Akamgeukia Hannah. "Dada, nimekukosea. Nisamehe."

Hannah aliitikia kwa kichwa. Swalha aliposogea kumshika mkono, aliurudisha nyuma. "Nimeskia. Asante kwa kusema. Lakini usirudi kwangu, Swalha. Mimi nilikupigia pasi."

Nje, juani, Gharib hakumwangalia. "Nakupenda bado, na hilo ndilo linaloniumiza. Nitakuwa nakuuliza jambo, na kila ukijibu nitamkumbuka Hannah. Nitawaambia wazee wasiende."

Akaondoka, shati lake likapotea katikati ya wachukuzi.

Simu ikaita. Ilikuwa Unguja, mama yake. "Mwanangu, hao wageni wanakuja saa ngapi? Nimeshaazima viti kwa jirani."

"Hawaji, mama."

"Hawaji? Kakubadilikia? Sema, kakufanya nini huyo kijana?"

Jibu jepesi lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, na mama angeliamini mara moja. Swalha aliketi juu ya ngazi za ghala, watu wanampita na mizigo yao.

"Hakunifanya kitu, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyefanya. Kaa kitako nikuhadithie."