Ndafu wa Mdhamini Mkuu

Joyce, mpishi wa hema la wadhamini, ndiye aliyegundua wizi. Saa moja asubuhi, siku ya fainali ya tenisi ya wanawake, aliingia hemani pale Kimandolu akakuta sanduku la kioo ni tupu. Kioo hakikuvunjwa na kufuli lilikuwa limefungwa, lakini kikombe cha mshindi hakikuwemo. Mwenye ufunguo alikuwa Naipanoi, mtunza viwanja, na kufikia saa mbili polisi walikuwa wameshamkalisha ndani ya gari lao.

Inspekta Evaresta alifika amekunja uso. Wiki nzima alikuwa akisoma bango lile lile kila kona ya mji: Magodoro Pumziko, Mdhamini Mkuu. Picha ya mkurugenzi, Ludovick, ilikuwa kubwa kuliko ya mchezaji yeyote, kana kwamba yeye ndiye angeshika raketi. Evaresta aliwadharau watu wa namna hiyo, wala hakujisumbua kuficha.

Alianzia garini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sijachukua kitu, mwanangu. Niulize tu."

"Ufunguo ulilala wapi?"

"Shingoni kwangu, pamoja na shanga. Haujatoka."

"Kufuli ulinunua wewe?"

"Alileta mdhamini. Akanipa ufunguo mmoja, akasema nichunge."

Kando ya gari alisimama binti yake, Silantoi, ameshavaa viatu vya mchezo. Huyu mtoto wa Oldonyo Sambu alijifunza tenisi kwa kuokota mipira ya wengine, na leo alikuwa fainali.

"Yeyo akiendelea kukaa humu, sichezi," alisema, akimwita mama yake kwa Kimaasai.

Mchezo ulikuwa saa tisa alasiri. Asiyeingia uwanjani angehesabiwa ameshindwa.

Aliyefuata kuhojiwa alikuwa Stanley, muuza soda wa Kikatiti, ambaye Ludovick alimpiku kwenye udhamini mkuu.

"Nimenuna, ndiyo, sikatai," Stanley alisema. "Lakini jana jioni nilikuwa Kikatiti kwenye kikao cha harusi, na nimelala huko huko. Mpigie mwenyekiti, aisee."

Evaresta alipiga. Mwenyekiti alithibitisha, tena akalalamika kwamba kikao kilikesha kwa ubishi wa Stanley.

Akabaki Ludovick. Alimkuta hemani akihutubia waandishi wa habari, suti inang'aa, sauti ya msiba.

"Leo wamekukumbuka," Evaresta alimwambia.

"Wiki nzima wanaandika habari za mkono wa kushoto wa yule binti. Magodoro yangu hata mstari mmoja hawajaandika."

"Kufuli lilikuja na funguo ngapi?"

"Mmoja."

"Duka gani linauza kufuli lenye ufunguo mmoja?"

Ludovick alikohoa. "Nyingine zilipotea."

Nyuma yake, mezani, alilala ndafu: mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni, tumbo limeshonwa kwa uzi mnene.

"Na huyu?"

"Wa kumpongeza mshindi. Mgeni rasmi atamkata mbele ya kamera."

Joyce hakuweza kunyamaza. "Afande, bosi kamleta mwenyewe asubuhi hii. Mafuta yameshaganda. Nimeomba nimpashe moto, kakataa."

Evaresta alimtazama mbuzi, kisha akamtazama mwenye mbuzi. Yeye na Ludovick wote walikuwa Wachaga. Mchaga anaweza kukosa ada ya shule, lakini hawawekei wageni ndafu baridi. Hata kwenye harusi ya mikopo, ndafu huingia akitoa moshi.

Aliagiza Naipanoi na binti yake waletwe, na waandishi wabaki.

"Ndafu hukatwa kwanza na anayeheshimiwa," alisema. "Mama wa binti aliyefika fainali huyu hapa. Mama, shika kisu."

"Asikate," Ludovick alisema. "Ni wa mgeni rasmi."

"Basi Joyce ampashe moto."

"Nimesema asiguswe."

Hema lote likamgeukia. Naipanoi akakata uzi, na kisu kikagonga chuma. Kikombe kikatoka tumboni kimepakaa mafuta meupe, jina la magodoro likisomeka vizuri kabisa.

"Ndiyo maana ulikataa moto. Ungekiunguza," Evaresta alisema. "Ulifungua jana usiku kwa ufunguo wako wa pili."

Ludovick aliketi. "Nimelipia uwanja, mipira, hata maji wanayokunywa. Nani ananitaja? Kikiibwa wangeandika. Kikipatikana ndani ya ndafu wangu, wangeandika tena. Ningesema mwizi alikificha humo."

"Mwizi amshone mbuzi wako bila wewe kujua? Na mama huyu?"

"Angeachiwa jioni."

"Baada ya mwanawe kukosa fainali."

"Hilo sikulifikiria."

"Nakuamini," Evaresta alisema, akamfunga pingu. "Usijali, jina lako litatajwa. Watalisoma mahakamani, kwa sauti, na hulipii."

Saa tisa Silantoi aliingia uwanjani. Mstari wa mbele, kwenye kiti kilichobandikwa Mdhamini Mkuu, alikaa Naipanoi, ufunguo bado shingoni. Binti alimtazama mara moja, akarusha mpira juu, akaupiga kwa mkono wa kushoto.