Nukta ya Gaudensia na Boke

Jumamosi asubuhi Gaudensia alikuwa anageuza dagaa juani, nje ya nyumba yao mtaa wa Kitaji, karibu na ziwa. Mikono ilikuwa kwenye dagaa. Akili haikuwepo kabisa. Baba yake, Leodgar, alikuwa anashona wavu, akamwona.

"Wewe mtoto, unacheka na dagaa?"

Gaudensia akashindwa kujizuia. "Baba, jana shuleni mimi na Boke tumeona kitu!"

Boke ni rafiki yake. Wote wako kidato cha tatu, na wote wako kwenye klabu ya sayansi. Klabu hiyo inapokea picha za anga kwa intaneti. Zinapigwa na darubini kubwa iliyoko nchi ya mbali. Kazi ya wanafunzi ni kutafuta asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua kama Dunia yetu inavyolizunguka.

"Picha ziko nne, za sehemu ile ile ya anga," Gaudensia alieleza. "Zimepishana dakika chache tu. Kompyuta inazionyesha haraka haraka, moja baada ya nyingine. Nyota zinatulia, asteroidi inasogea. Na sisi tumeona nukta inasogea, Baba! Tumeitafuta kwenye orodha ya miamba inayojulikana. Haimo!"

Leodgar aliweka wavu chini. Akatazama huku na huku, utafikiri majirani wote ni wapelelezi.

"Umemwambia nani?"

"Hata Madam wa fizikia bado. Alikuwa ameshaondoka."

"Vizuri. Nyamaza hivyo hivyo. Sisi wavuvi tukipataga sato wengi mahali, tunatangazaga? Ukisema leo, kesho mitumbwi imejaa. Kuna shule zingine zinatafuta?"

"Nyingi. Hata Bunda wapo."

"Unaona! Wa Bunda watawanyang'anya."

Gaudensia akaenda kwa Boke, wakakubaliana kufunga midomo. Masikini, siri ile iliwachoma kama chai ya moto.

Jumapili baada ya misa, Leodgar na binti yake walikutana na Madam Matrida nje ya kanisa. Madam ni mwalimu wao wa fizikia. Kwao ni Butiama, na akicheka anasikika mpaka barabarani.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Gaude, zile picha mmemaliza? Ripoti inatakiwa leo kabla ya jioni."

Gaudensia akamtazama baba yake. Baba akatazama viatu vyake. Msichana akaamua kusema.

"Tumeona nukta, Madam. Haijulikani. Tumeificha, wa Bunda wasiichukue."

"Mmeificha? Gaude! Hilo jiwe liko safarini! Leo ikipita tunalipoteza!"

"Ni mimi niliyemkataza," Leodgar alisema. "Sisi wavuvi hatuonyeshagi mahali pa samaki."

"Sikiliza, Baba Gaudensia. Kwetu Butiama ng'ombe akipotea tunafichaga? Tunapiga yowe! Vijiji vyote vinatoka kutafuta nyayo. Jiwe hili ni hivyo hivyo. Picha nne zinatuonyesha hatua chache tu za njia yake. Tukituma ripoti mapema, wenye darubini kwingine watajua pa kulitafuta. Wakiliona nao, njia yake inaanza kujulikana. Tukinyamaza, linakwenda zake."

"Na wa Bunda?"

"Ripoti yetu ina majina ya walioona. Wa Bunda wakiliona baadaye, wametusaidia!"

Leodgar akajipiga paji la uso. "Kumbe ni ng'ombe, siyo sato! Sasa tunasimama nini hapa? Bodaboda! Bodaboda!"

Wakampitia Boke, wakakimbilia shuleni. Madam akafungua picha. Nukta ilikuwepo kwenye zote nne. Ilikwenda kwa mstari ulionyooka na kwa mwendo ule ule.

"Doa la kamera haliendi hivi," Madam alisema, akawasogezea kibodi. "Andikeni, wanangu. Andikeni!"

Mtandao ukasuasua. Leodgar, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliihimiza kama injini ya mtumbwi. "Twende mama, twende!" Mara Boke akaruka juu. "Imekwenda!" Walipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Wiki kadhaa zikapita kabla ya jibu kuja. Darubini nyingine ilikuwa imeliona jiwe lile lile, pale pale ripoti ilipoelekeza. Ugunduzi wa awali uliandikwa kwa majina ya Gaudensia na Boke. Madam aliwakumbusha kwamba itachukua miaka mpaka njia ya jiwe ijulikane vizuri. Ndipo litapewa namba rasmi, na baadaye jina. Nani alimsikiliza? Darasa zima lilikuwa linacheza.

Gaudensia alikimbia mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, sare yake ikiwa imelowa jasho. Akamweleza baba yake yote kwa pumzi moja.

"Hilo jiwe limekuwepo tangu lini?" Leodgar aliuliza.

"Madam anasema tangu zamani sana, Baba. Kabla hata ziwa hili halijawepo."

"Na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeliona?"

"Hakuna. Mimi na Boke ndio wa kwanza."

Leodgar alikaa chini kwenye mchanga, akalia mbele ya wavuvi wenzake, wala hakuona haya.